Unitas, Montana, Brady, Mahomes: makwotabeki wa zama tofauti tunawapima kwa mizani gani?

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu najua nusu ya jukwaa wataniuliza futiboli ya Wamarekani inatuhusu nini. Tupo tulioko huku, na mpo nyie wa nyumbani mnaokesha hadi saa nane na nusu usiku Super Bowl, fainali ya ligi yao ya NFL, ianze, halafu Jumatatu mnasinzia kazini. Uzi ni wetu. Wengine karibuni kitako, kahawa ipo.

Kisa chenyewe ni hiki. Naishi Baltimore. Nje ya uwanja wa Ravens kuna sanamu ya Johnny Unitas, kainua mkono kurusha mpira, miguuni kavaa vile viatu vyake vya kufunika vifundo. Ncha ya kiatu imesuguliwa ikang'aa kama sufuria mpya, maana mashabiki wakipita wanaigusa kutafuta bahati. Jumapili moja nilisimama pale na kijana wangu wa miaka 14. Akachomoa simu, akasoma: tachidauni (pasi zilizozaa bao) 290, pasi zilizoporwa na wapinzani 253. Akacheka. "Baba, huyu leo asingepata hata benchi."

Siku ile nilibabaika. Nimekaa nikapanga jibu, nalileta kwenu kwanza mlipige mawe kabla sijampelekea.

Kwa asiyejua mchezo: kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira shambulizi likianza. Mbele yake kuna majitu matano ya kumkinga, mbele ya hao kuna majitu mengine yanayotaka kumlaza chini, na ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani. Timu ikishinda anabebwa juu, ikifungwa anazikwa yeye.

Sasa, ukichukua karatasi ya takwimu ukampanga Unitas wa 1959 na Mahomes wa 2018 kama waliocheza mchezo mmoja, umeshapotea njia. Mwaka 1959 msimu ulikuwa mechi 12. Ukaja wa mechi 14, ukaja wa 16 mwaka 1978, na tangu 2021 ni 17. Kwa hiyo jumla zote za maisha ziweke pembeni.

Halafu kanuni. Zamani beki alimsukuma mpokeaji, akamgonga, akamkalia njiani uwanja mzima, mradi mpira haujarushwa. Mel Blount wa Pittsburgh aliifanya kazi hiyo kwa ufundi hadi kanuni ya kuizuia ikabandikwa jina lake. Ilikuja 1978: ukishavuka yadi tano, mpokeaji haguswi. Mwaka huohuo wale majitu wa kumkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja. Kabla ya hapo walikinga kwa mabega na viwiko. Ligi ilikuwa imechoka na mechi kavu, ikaamua kumfungulia mrushaji mlango. Kila aliyerusha kuanzia pale amerusha mlango ukiwa wazi.

Tena Unitas alijipangia mashambulizi mwenyewe kichwani. Tangu 1994 kwotabeki ana redio ndani ya helmeti. Kocha anamnong'oneza la kufanya mpaka saa ya kuanzisha mpira ibakize sekunde 15, ndipo sauti inakatwa. Ni kama kuibia mtihani, ila mwalimu ndiye anayekupa majibu.

Basi nikatafuta kitu kinachovuka zama. Badala ya kuhesabu tachidauni, nimegawa tachidauni kwa pasi zote alizorusha msimu ule mkubwa:

Unitas 1959, pasi 367, tachidauni 32. Hiyo ni 8.7 kwa kila pasi 100.
Marino 1984, pasi 564, tachidauni 48. Ni 8.5.
Brady 2007, pasi 578, tachidauni 50. Ni 8.7.
Manning 2013, pasi 659, tachidauni 55. Ni 8.3.
Mahomes 2018, pasi 580, tachidauni 50. Ni 8.6.

Angalieni hapo vizuri. Mtu aliyerusha huku wapokeaji wake wakipigwa kama ngoma yuko meza moja na hawa waliofunguliwa mlango. Na kabla yake hakuna aliyekuwa amefikisha tachidauni 30 kwa msimu.

Nipeni nafasi niwasimulie mechi moja tu. Tarehe 28 Desemba 1958, Yankee Stadium, fainali, Colts wa Baltimore, timu ya Unitas, na Giants wa New York. Colts wako nyuma 17-14, zimebaki kama dakika mbili, mpira uko kwao yadi ya 14, yaani nyuma kabisa. Unitas anamtafuta Raymond Berry. Anampata. Anamtafuta tena, anampata. Mara ya tatu, hivyohivyo. Pasi tatu mfululizo, yadi 62, kila mtu uwanjani anajua mpira unakwenda kwa nani na hakuna wa kuuzuia. Wanapiga teke la kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde 7. Muda wa nyongeza, ambao fainali ya ligi haikuwahi kuuona, anawatembeza yadi 80 na Alan Ameche anaingia nao. 23-17. Ule mwendo wa dakika mbili za mwisho ambao leo kila timu inaufanyia mazoezi kila wiki, pale ndipo Marekani nzima iliuona kwenye televisheni.

Na huyu mtu miaka mitatu nyuma alikuwa ametemwa na Pittsburgh kambini bila kupewa hata mechi moja, akawa anacheza timu ya mtaani kwa dola 6 kwa mechi. Pasi yake ya kwanza kwenye ligi na Colts, 1956, iliporwa ikarudishwa tachidauni. Ingekuwa leo mitandaoni angekuwa meme kabla ya jua kuzama.

Hoja yangu: kwotabeki apimwe kwa umbali aliowaacha wa zama zake. Kwa mizani hiyo, Unitas ni namba moja. Brady ana maisha marefu kuliko wote, sibishi, lakini namba moja ni Unitas. Nimevaa helmeti, rusheni.

#2

Kiti cha mbele. Ngoja wajuvi waje.

#3

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka mbuyu mara saba ili usiseme neno "pete", ile ya bingwa wa Super Bowl.

Brady kacheza Super Bowl 10, kashinda 7. Hakuna TIMU yenye zaidi ya 6, mtu mmoja ana 7! Kachaguliwa wa 199 kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya) ya 2000, makwotabeki sita wakitangulia kuitwa. Februari 2017 yuko nyuma 28-3 dhidi ya Atlanta, watu wengine tulishazima televisheni (mimi mmojawapo, sijajisamehe), anageuza 34-28. Anahamia Tampa, na akiwa na miaka 43 anamfunga Mahomes 31-9. Sasa hapo unanigawia pasi kwa mia ya nini?

#4

@3 kama mizani ni pete, basi funga uzi, bingwa ni Otto Graham wa Cleveland. Misimu 10, fainali 10, kuanzia 1946 hadi 1955. Mataji 7. Hakuna mwaka hata mmoja aliokosa fainali. Brady kakosa 13 kati ya misimu 23 yake.

Haya, povu.

#5

Hahaha @4 umemchoma. Lakini minne kati ya yale mataji saba ni ya ligi ndogo ya AAFC iliyokufa 1949. Ingawa, kusema ukweli, Cleveland walipohamia ligi kubwa 1950 wengi walidhani watakuja kunyolewa, wakachukua kombe msimu uleule wa kwanza. Kwa hiyo hata kisingizio cha ligi ndogo kina matundu.

Kuhusu pete mimi nina swali dogo. Brady 2008 aliumia goti mechi ya kwanza, akakaa nje msimu mzima, New England ikashinda mechi 11 kati ya 16 ikiwa na mbadala ambaye hajaanza mechi tangu sekondari. Pete ni za timu.

#6

Mleta uzi, unachagua takwimu kama mtu anayechagua nyanya gengeni, laini unaziacha.

Mbona umemruka Manning wa 2004? Tachidauni 49 kwa pasi 497. Hiyo inakaribia 10 kwa 100. Mbona umemruka Rodgers 2020, 48 kwa pasi 526? Na kama kweli unaamini hiyo hesabu, bingwa wako ni Sid Luckman wa Chicago, 1943: tachidauni 28 kwa pasi 202. Karibu 14 kwa mia! Mbona hujamjengea sanamu?

Halafu kuporwa hukugusa kabisa. Unitas katika msimu wako huohuo wa 1959 aliporwa pasi 14 kati ya 367. Brady 2007, 8 kati ya 578. Hiyo nayo ni zama?

#7 (mleta uzi)

@6 nyanya laini nazirudisha mezani, moja moja.

Manning 2004 nilimwacha makusudi na nilipaswa kusema. Januari ya mwaka ule, nusu fainali, mabeki wa New England waliwakaba wapokeaji wa Colts mpaka mashati yakavutika. Manning akaporwa pasi nne. Malalamiko yakafika ligini, na msimu uliofuata waamuzi wakaagizwa wasimamie ile kanuni ya yadi tano kwa ukali. Manning akarusha 49. Simnyang'anyi, ile ni kazi ya ajabu, lakini kanuni ilinyooshwa miezi michache kabla, na timu yake ndiyo iliyolia kwa sauti kubwa.

Luckman: 1943 ni vita. Wachezaji wamevaa magwanda, hadi Pittsburgh na Philadelphia walilazimika kuunganisha timu kwa msimu mmoja ili wapate watu. Luckman alikuwa fundi, ila alikuwa anachinja kuku.

Kuporwa, hapo umenipata. Sehemu ni zama: pasi za wakati ule zilikuwa ndefu, za kubahatisha, na zile pasi fupi za uhakika zilikuja kuwa chakula cha kila siku baada ya kocha Bill Walsh. Sehemu ni Unitas mwenyewe. Alikuwa jeuri. Rodgers sina la kusema, 48 na kuporwa mara 5 tu ni uchawi.

#8

Nimewasoma wote nikawa nasubiri nani atalisema, naona hakuna. Basi nalisema mimi.

Kaka mleta uzi, mizani yako ni "umbali aliowaacha wenzake". Wenzake wapi? Wenzake walichujwa kwa rangi kabla hawajafika uwanjani.

Marlin Briscoe, Denver, 1968. Anaingia katikati ya msimu, anarusha tachidauni 14 akiwa bado mgeni wa ligi. Mwaka uliofuata hakupewa hata nafasi ya kugombea namba. Akaenda Buffalo kujifunza kuwa mpokeaji, akawa mpokeaji mzuri, akapata pete mbili Miami. Kwotabeki hakuwa tena.

Warren Moon. Januari 1978 anakishindia Chuo Kikuu cha Washington mechi ya Rose Bowl na kuwa mchezaji bora wa siku ile. Timu za NFL hazimtaki awe kwotabeki, na kwenye drafti hakuna hata moja iliyoita jina lake. Akaenda Kanada, Edmonton, wakabeba kombe la kule miaka mitano mfululizo. NFL ilimkumbuka 1984, na hata hivyo alimaliza na yadi zaidi ya 49,000 za NFL pekee. Ongezeni zile za Kanada mtaona mlichokuwa mnakosa. Ilibidi tufike 2006 ndipo kwotabeki mweusi wa kwanza, yeye huyohuyo Moon, anaingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa.

Kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni alikuwa akifika ligi anaambiwa: una mbio, nenda kadake mpira, au kawe beki. Eti nafasi ile inataka "kufikiri".

Kwa hiyo mkiniambia Unitas aliwaacha mbali, nauliza tu, kati ya wale aliowaacha, Warren Moon wa 1959 alikuwa wapi? Alikuwa anacheza beki, au alikuwa anapakua mizigo bandarini hapo hapo Baltimore.

#9

Dada @8 umeniinua kwenye kiti.

Naongezea Doug Williams, Super Bowl ya Januari 1988. Robo ya kwanza goti linamgeuka, anatolewa, timu yake Washington iko nyuma 10-0 kwa Denver ya kwotabeki Elway. Anarudi. Robo ya pili PEKE YAKE anarusha tachidauni nne, timu inapata pointi 35 katika hiyo robo moja. Ikaisha 42-10. Baada ya usiku ule hakuna aliyethubutu kusema kwa sauti ile habari ya "kufikiri". Kwa sauti, nimesema.

#10

Na ikachukua hadi Februari 2023 kwa Super Bowl kuwa na makwotabeki weusi pande zote mbili, Mahomes na Jalen Hurts. 38-35. Kama kuna mtu anadhani kiwango kilikuwa chini mechi ile arudie kuiangalia.

#11

Samahani wakuu, mimi naomba kueleweshwa: kwa nini wanaita futiboli na mpira wanashika kwa mikono?

#12

@11 mkuu kila uzi wa mchezo huu lazima uje wewe au ndugu yako. Karibu, kaa, kahawa ile pale.

#13

Montana wa San Francisco mmemtaja kwenye kichwa cha uzi kisha mkamtelekeza. Super Bowl nne, kashinda nne. Kwenye hizo nne karusha pasi 122, tachidauni 11, kaporwa SIFURI. Brady kwenye fainali kaporwa, Manning kaporwa, Mahomes kaporwa. Montana sifuri.

Januari 1989, nyuma 16-13 kwa Cincinnati, mpira yadi ya 8, zimebaki dakika tatu na ushee. Wenzake wamekusanyika macho yamewatoka, yeye anawaonyesha mchekeshaji John Candy kakaa jukwaani: si John Candy yule pale? Kisha yadi 92, tachidauni kwa John Taylor zikiwa zimebaki sekunde 34. Mimi ukiniambia dunia inaisha kesho na kuna mechi moja ya kuiokoa, mpira nampa huyo, wengine wote nawaomba msamaha.

#14

@13 alikuwa na kocha Walsh na mpokeaji Jerry Rice. Kaondoka, Steve Young kaingia kiti kilekile, karusha tachidauni sita kwenye Super Bowl moja. Kiti kilikuwa kizuri.

#15

@14 na Rice hakuwepo kwenye Super Bowl mbili za kwanza za Montana. Alijiunga 1985. Soma kabla ya kurusha.

#16 (mleta uzi)

Nimetoka zamu, nimekuta uzi umekua kuliko mwenyewe.

Dada @8, nimekusoma mara tatu. Sina kinga. Mizani yangu ilikuwa na jiwe limefichwa upande mmoja na sikuliona, japo mtoto wangu mwenyewe ni mweusi na anataka kuwa kwotabeki. Naiandika upya: Unitas aliwaacha mbali wale walioruhusiwa kusimama naye. Hiyo ndiyo sentensi ninayoweza kuitetea. Na ukiipokea hiyo, lazima ukubali Mahomes anashindana na watu wengi zaidi kuliko yeyote aliyetajwa hapa kabla ya miaka ya 90. Ligi ya 1958 ilikuwa na timu 12. Leo ni 32, na mlango wa namba ile uko wazi zaidi. Kufika Super Bowl tano kabla hujatimiza miaka 30 katika umati huo, hata kama mbili umepigwa tena kipigo cha aibu, si mchezo.

Kwa hiyo nashuka ngazi moja. Brady namba moja. @3 usinitumie ujumbe wa faragha kunicheka.

Ila kuna kitu kimoja mnipe. Brady alipovunjwa goti 2008, mwaka uliofuata kanuni ikakazwa kwamba mtu aliyeanguka chini haruhusiwi kumrukia kwotabeki miguuni. Alipona, akacheza hadi miaka 45. Unitas aliumia mkono wa kulia 1968, na uzeeni vidole vya mkono ule, ule uliomtafuta Berry mara tatu, havikuweza tena kushika mpira barabara. Hakuna kanuni iliyoandikwa kwa ajili yake. Sasa mtu anaposoma tachidauni 290 za Unitas dhidi ya 649 za Brady na kucheka, namwomba asicheke kwa sauti.

#17

@16 kijana umeshampa jibu?

#18 (mleta uzi)

Nimempa jana. Tulikuwa kibarazani na mzee jirani yetu, mwenyeji wa hapa, ambaye alimwona Unitas kwa macho akiwa mtoto. Kijana akasikiliza yote, akasema sawa baba, nimeelewa, akachomoa tena simu kumwonyesha mzee ile kurasa ya takwimu.

Mzee kavaa miwani, kasoma mstari wa juu, kairudisha simu bila neno, kaingia ndani kwake. Tukadhani amechoka.

Nikaichukua simu nikaangalia. Juu ya jina la Unitas, pembeni ya picha, wameandika timu yake: Indianapolis Colts. Kwa wasiojua, Colts walihamishwa Baltimore usiku wa manane Machi 1984, malori yakipakia hadi alfajiri. Unitas alikuwa ameshastaafu miaka kumi. Hajawahi kucheza hata dakika moja Indianapolis.

Kijana ameenda kumgongea mlango kumwomba radhi. Bado hajafungua.